Bwana Harusi Amepotea Kariakoo

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kila nikiisimulia moyo wangu unaanza kwenda mbio upya. Ndiyo siku niliyoolewa mimi, Mwajuma binti Kondo, hapa hapa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya baba yangu, ambaye sasa ni marehemu. Na ndiyo siku bwana harusi alipopotea mjini, mchana kweupe, simu mkononi.

Usicheke bado. Kaa vizuri, na hiyo simu yako iweke chini kidogo, haitakimbia.

Miaka hiyo simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia kwa watu wa kawaida kama sisi. Mtaani kwetu aliyekuwa nayo ni kaka yangu Rajabu, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo. Ilikuwa nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, naye aliichomeka kiunoni kama askari na bastola yake. Ikilia tu, nyumba nzima tunaikimbilia! Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini hata wao wakiusikia mlio shingo zilinyanyuka.

Mchumba wangu, Hatibu, alikuwa fundi seremala wa Tanga. Tulionana kwenye harusi ya binamu yangu huko huko kwao. Posa ikaletwa na baba yake mdogo, ikakubaliwa, na tangu hapo tukawa tunazungumza kwa simu ya Rajabu, maneno machache machache, Rajabu mwenyewe kasimama mlangoni anakohoa ili nifupishe. Sijui kama nyinyi mnaoongea mpaka sikio linapata moto mnaijua raha ya maneno machache, lakini hayo tuyaache.

Harusi ilipokaribia, yule baba mdogo akaugua mguu, hawezi kusafiri. Naye ndiye pekee kati yao aliyepajua kwetu. Somo yangu, Bi Tatu, aliyenifunda tangu nilipovunja ungo, akatoa shauri.

"Mtumeni mtu akawangoje pale Jangwani, wanapoingilia mjini, awaongoze mpaka hapa. Mgeni hatafuti mlango mwenyewe."

Rajabu akaipigapiga simu yake kiunoni. "Bi Tatu, dunia imebadilika! Wakiingia mjini watapiga, mimi nawaelekeza kona kwa kona. Kuna noma gani?"

Tulicheka wote, na mimi bibi harusi nikiwemo. Bi Tatu hakubishana. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema, akaendelea kunisinga liwa mwilini.

Basi ikafika hiyo Ijumaa. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya sala ya Alasiri. Tangu asubuhi simu ya Rajabu haikutulia, maana Hatibu alikuwa na furaha isiyokaa kifuani. "Tumepita Segera!" Vigelegele. "Tuko Chalinze, tunakunywa chai!" Vigelegele tena. "Mwambie Mwajuma gari tumelipamba makuti na vitenge vyekundu, linang'ara!" Mama zangu wadogo waliokuwa wanapakua pilau wakacheza na miiko mkononi. "Tumeshaingia Kibaha!" Mwanangu, ungekuwapo ungedhani tunasikiliza mpira redioni, na kila simu inayopigwa ni goli.

Baada ya Kibaha, kimya.

Mwanzoni hatukujali. Tukasema watakuwa kwenye foleni. Watu wakaenda kusali Alasiri, wakarudi, wakaketi mikekani. Sheikh akafika. Rajabu akapiga, na yule dada wa kwenye simu akamjibu kwa adabu kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena, dada yule yule, adabu ile ile. Mimi nilikuwa chumba cha mbele, nimepambwa hina mpaka kwenye viwiko, nimefunikwa ushungi, na dirisha la chumba linatazama barabarani. Nilisikia kila kitu. Nilimsikia jirani mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Wanaume wa mbali hao. Labda kaghairi."

Neno hilo liliniingia kama maji ya barafu.

Baba yangu mkubwa, Mzee Mfaume, alikuwa mtu wa heshima yake na hakupenda mzaha. Akasimama barazani, sauti juu. "Sheikh ana ndoa nyingine Upanga, hawezi kulala hapa akingoja. Akiondoka kabla hawajafika, posa inarudi kwao. Binti yetu si wa kungojeshwa kama mzigo stendi!"

Baba akainamisha kichwa. Mama akaingia chumbani, akanishika mkono. Na Rajabu, maskini, alikuwa anatembea huku na huko ameinyanyua simu juu kama mtu anayeomba mvua.

Hapo ndipo Bi Tatu alipoingia, akafunga kanga yake kiunoni.

"Mwajuma, gari lao walisema limepambwaje?"

"Makuti na vitenge vyekundu, somo. Basi dogo, jeupe."

"Hiyo inatosha." Akageuka kwa kaka yangu. "Rajabu, kiweke hicho chombo mfukoni. Njoo unipe bega lako."

Akatoka mpaka kwenye ngazi ya baraza. Bi Tatu alikuwa ameuza vitumbua kona ile tangu mimi sijazaliwa. Hapakuwa na mtu sokoni ambaye hakuwahi kula mkononi mwake, na yeye aliwajua kwa majina, na mama zao kwa majina. Akamwita muuza kahawa.

"Saidi wee! Bwana harusi wetu wa Tanga kapotea! Basi jeupe lenye makuti! Wapigie kelele wenzako, aletwe Sikukuu kwa Mzee Kondo!"

Saidi akaacha kugonga vikombe vyake, akapaza sauti kuelekea kona ya pili. Kona ya pili akadaka muuza mikeka. Muuza mikeka akawapelekea makuli wa mikokoteni, na makuli, mwanangu, si watu wa kunong'ona! "Bwana harusi kapotea! Basi la makuti! Sikukuu kwa Mzee Kondo!" Nilisimama dirishani, ushungi umeniteleza, nikaisikia ile sauti ikiondoka kwetu. Ikapita kwa wauza nyanya, ikapanda kuelekea sokoni, ikageuka Msimbazi, ikawa ndogo, ndogo, mpaka nikabaki nasikia pembe za magari tu.

Tukangoja. Sheikh akatazama jua. Akaanza kutafuta kiatu chake.

Halafu nikaisikia inarudi! Kwanza kama mvumo, halafu maneno yakapata sura. "Kaonekana! Kaonekana mtaa wa Gerezani!" Baraza zima likasimama. "Gari linageuka!" Tukangoja, hatupumui. "Wako Msimbazi!" Watoto wakapanda juu ya kuta. "Gari limekwama, watu ni wengi!" Mama akapiga uyowe mdogo. Ikaja nyingine, inatoka kona ya karibu, na aliyeileta anacheka mwenyewe: "Kashuka! Bwana harusi kashuka! Anakimbia kwa miguu!"

Sheikh akavua kiatu, akaketi.

Mwanangu, nimeona mengi katika mji huu, ila sijaona kama nililoliona dirishani siku ile. Makuli mbele wanapasua umati, "Pisha! Pisha ndoa hiyo!" Nyuma yao Hatibu wangu, kanzu kaikusanya mkononi, kofia imekaa upande, jasho linamtiririka. Nyuma yake wajomba na binamu wanahema. Wauza nyanya wanapiga vigelegele, wauza vyombo wanagonga masufuria. Na mwisho kabisa shangazi yake, mama mnene, mwenye miguu ya kuuma, kapakiwa kwenye mkokoteni juu ya magunia, kanyoosha mgongo, anapunga mkono kulia na kushoto kama malkia anakagua gwaride!

Baba mkubwa alijitahidi kununa. Nilimwona anavyojitahidi. Mkokoteni ulipofika barazani na shangazi akasema, "Asalaam alaykum, tumechelewa kidogo," mzee wa watu akaangua kicheko mpaka akamshika Sheikh bega.

Ndoa ikafungwa. Baba alipokuja mlangoni kuniuliza kama namridhia aniozeshe, nilijibu kabla hajamaliza kuuliza. Somo akanifinya. Bibi harusi hutakiwa kuona haya, lakini mimi siku hiyo haya ningeitoa wapi?

Jioni ile ile, walipoletwa ndani, Hatibu akatueleza yaliyomkuta. Simu yake ilizima chaji karibu na Kimara, kwa sababu ya kupiga kila walipofika. Namba ya Rajabu ilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo, hakuna aliyeijua kwa kichwa. Wakaingia Kariakoo, wakapitiliza, wakasimama Gerezani. Na hapo wakakaa, wanahangaika kutafuta pa kuchajia, katikati ya bahari ya watu, wala hakuna aliyefungua mdomo kuuliza.

"Niliona aibu," alisema. "Bwana harusi asiyejua ukweni! Nimekaa tu naitazama simu. Mara mama mmoja muuza nyanya akaingiza kichwa dirishani, akaniuliza, 'Wewe ndiye bwana harusi uliyepotea?' Nikamwambia, 'Ndiye mimi, mama. Umejuaje?' Akanijibu, 'Kariakoo nzima inajua, bado wewe tu.'"

Tulicheka mpaka machozi. Halafu Hatibu akapiga magoti mbele ya somo yangu.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Mdomo unao?"

"Ninao."

"Basi utumie. Kuuliza si ujinga. Hicho chombo ni kizuri, nami sikichukii, kimemfurahisha mwanangu miezi yote hii. Lakini kikizima, wewe usizime nacho. Kabla hujawa na chombo ulikuwa na watu, na watu hawachajiwi kwa umeme. Wanachajiwa kwa salamu."

Hatibu akaitikia kwa kichwa. Rajabu, aliyekuwa kasimama pembeni, akaichomoa simu kiunoni, akaitia mfukoni. Keshoye alizunguka na mfuko wa halua sokoni, kona kwa kona, kumshukuru kila aliyepaza sauti.

Sasa, mwanangu, usidhani nakusimulia haya ili uitupe simu yako. Mimi mwenyewe ninayo, tena ya kugusa! Juzi nimemwona mjukuu wangu aliyeko Mwanza akionyesha jino lake la kwanza, nikapiga kigelegele peke yangu sebuleni mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikasema Alhamdulillahi, nimeishi kuyaona haya. Nyinyi mnaagiza chakula, mnaita bajaji, mnalipia umeme, bila kunyanyuka kitini. Ni neema. Anayeikataa neema ni mkaidi.

Ila nawaona. Namwona kijana kaangusha simu yake, na hapo hapo hajui namba ya mama yake, hajui kazini kwake wanapatikanaje, kakaa kitako njiani kama yatima na wazazi wake wako hai. Namwona binti anaishi ghorofa moja na watu Upanga kule, mlango kwa mlango, hajui jina la anayelala upande wa pili wa ukuta. Mtandao ukikatika mchana mmoja, mji unashika kichwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na simu, mwanangu, ni ya nduguyo. Hujui leo itaamkaje.

Kwa hiyo nakuusia. Namba za watu wako wa damu zitie kichwani. Ukienda ugenini, uliza njia, hata kama ramani unayo, kwa sababu ukiuliza njia unapata na mtu. Msalimie muuza maji, mjue dobi wako kwa jina, mpe mkono mlinzi wa getini. Kukiwa na mgonjwa nenda, kukiwa na msiba keti, kukiwa na harusi paza sauti yako na wewe. Ukimkuta mtu kasimama njia panda anaitazama simu iliyozima, usimpite. Ingiza kichwa dirishani, umuulize.

Mwenyezi Mungu akujaalie sauti ya kusikika na masikio ya kumsikia mwenzio. Asikupoteze katikati ya watu. Na siku utakapopotea, maana sote hupotea, basi mji mzima uwe unalijua jina lako, na kila kona awepo mtu wa kukuelekeza kwenu. Amina, mwanangu. Haya, itikia kwa sauti, nikusikie.