Kwandu na Sura za Kulia

Naweka dau jogoo wangu mwekundu, yule anayefukuza mbwa: hakuna atakayeamini haya. Hata waliokuwepo wananiambia, "Masalu, unaongeza chumvi." Siongezi. Mimi ni dereva bora kuliko wote kuanzia Lamadi mpaka Mwanhuzi, shule niliiacha darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha, sina haja ya kudanganya mtu.

Ofisini kwetu hapa Bariadi, kampuni ya pamba, alikuwepo mama mmoja, Kwandu. Miaka kumi na tisa alikaa meza ya dirishani akiandikisha wakulima wa mbegu na dawa. Mkulima akiingia, Kwandu haombi kitambulisho. Anaanza, "Mwangaluka, baba. Wewe ng'wana nani?" Akitajiwa ukoo, anasalimia upya kwa salamu ya ukoo huo, halafu ng'ombe, halafu mvua, halafu mgonjwa wa nyumbani. Ndiyo anafungua daftari. Na mezani kuna bakuli la michembe ya viazi vikavu na karanga, ukipita unachota. Mimi nilikuwa napita mara sita kwa siku.

Mwaka juzi akaja bosi mpya, Deogratias, kijana msafi, akitoka semina hii anaingia ile. Semina ya kwanza ikatuletea mpira. Kila asubuhi tunasimama duara, tunarushiana, ukidaka unasema kwa neno moja unajisikiaje. Kwandu akidaka anaanza kutusalimia mmoja mmoja.

"Neno moja tu, mama," bosi anasema.

"Sasa baba, nitajuaje ninavyojisikia wakati sijajua ninyi mmeamkaje?"

Mpira ukakaa kwake dakika ishirini. Nilicheka mpaka nikatolewa kwenye duara.

Semina ya pili ikafuta meza za watu. Unakaa popote utakapokuta nafasi, eti mawazo yatembee. Kwandu akawa anazunguka na daftari kwapani kama mgeni aliyekosea nyumba. Wakulima wakichungulia dirishani wanamkuta mwenzetu Elizabeth na kompyuta yake, wanarudi kukaa nje. "Tunamsubiri mayu, mama yetu."

Semina ya tatu ndiyo iliyoharibu. Kila mhudumu akapewa kopo lenye picha yake. Mlangoni vikawekwa vikadi vyenye sura: ya kucheka, ya kununa, ya kulia. Ukishahudumiwa unachagua kimoja kuonyesha umehudumiwaje, unatumbukiza kwenye kopo la aliyekuhudumia. Mwisho wa mwezi mwenye sura nyingi za kulia anatolewa mapokezi. Bosi alieleza saa mbili nzima. Mimi nilielewa kwa dakika tano, nikatoka kuosha gari. Kwa kuwa mdomo ninao, nikapewa kazi ya kuwaeleza wakulima kwa Kisukuma.

Mwezi huohuo mama yake Kwandu akafariki, kule Nkololo. Akazika, akarudi kazini. Habari zilishafika minadani. Wakulima wakaja wengi, hata wasio na shida ya mbegu. Wanampa pole, wanakaa naye, wakitoka kila mmoja anachukua sura ya kulia. Mzee Bundala nilimwona mwenyewe: alikuwa ameshika ya kucheka, akaiachia kama kaa la moto. "Mtu amefiwa, mimi nimwekee meno?" Akaweka mbili za kulia, moja ya mke wake aliyebaki nyumbani.

Kopo likajaa mpaka juu. Bosi akasoma matokeo kwenye duara: Kwandu wa mwisho ofisi nzima.

"Bosi, hizo ni rambirambi," nikamwambia.

"Masalu, takwimu ni takwimu."

Kwandu akapelekwa ghala la Mwandoya, kule Meatu, kuhesabu magunia, na wa kusalimiana naye ni mlinzi peke yake.

Asubuhi napaki gari palepale chini ya dirisha. Elizabeth ananipungia mkono, binti mzuri, hana kosa. Lakini hakuna tena wa kuniuliza nimeamkaje halafu akangoja jibu. Karanga nanunua sokoni, nazitafuna, naona kama natafuna kokoto. Safari ya Meatu ikitokea naiomba mwenyewe, na mwendo ninaokwenda nao trafiki wasiuulize.

Mwezi uliopita nilimkuta mlangoni mwa ghala, ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Masalu, ng'wana Luhaga, mwadila! Umekonda. Nani anakulisha siku hizi?"

Nilikuwa na utani tayari, niliuandaa njia nzima. "Mwadila, mayu," nikasema, basi.

Akamuulizia mke wangu, watoto, ndama, mpaka tairi za gari. Halafu akatazama magunia.

"Wale wakulima wa Nkololo wananiulizia?"

"Kila siku."

"Hawakunichoka?"

"Hawakukuchoka."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani kuhesabu.

Siku zile vikadi vilipoletwa, wakulima waliponiuliza zile sura ni za nini, niliwajibu, "Ni za kumwonyesha mhudumu mko naye vipi moyoni." Nilikosea.