Msoma Malori wa Salgaa

Kila asubuhi, kabla chai yake haijapoa, Masinde hutoka nyuma ya kibanda cha chai cha dadake na kusimama kando ya lami, anasoma malori. Salgaa malori hayaishi. Yanayopanda kwenda Eldoret hupita polepole yakinguruma, na yanayoteremka kuelekea Nakuru huja na harufu ya breki. Yeye husoma milango tu. Anatafuta mwandiko wake.

Kuna wakati karibu kila lori lililolala Salgaa liliondoka na rangi ya mkono wake. Jina la mwenye gari mlangoni, uzito chini yake, na 80 KPH nyuma. Wengine waliongeza maneno yao, ya Mungu au ya mwanamke. Herufi zake ungezijua kwa mbali, hasa G. G ya Masinde ilijikunja kama paka aliyelala karibu na jiko, mkia umeingia ndani. Likipita lori lenye G hiyo, yeye huinua kikombe kidogo, kama unavyosalimia mtu mliyekaa naye ploti moja. Halafu hungoja lingine. Siku hizi hungoja sana, maana watu wanaenda Nakuru kubandika stika, na yale malori ya zamani yanauzwa skrepu, kama chuma chakavu.

"Umeona yako?" dadake Milcah humuuliza, Masinde akirudisha kikombe.

"Moja. Ya kabeji. Imechubuka."

"Hata wewe umechubuka na bado unatembea. Kuja ukate vitunguu."

Lakini si stika peke yake zilizomtoa kazini. Miaka michache nyuma usingizi ulimtoroka kabisa, naye hakuutafuta. Alicheka na kila mtu, akawanunulia madereva chai kwa pesa ya dadake. Kisha akalivamia lori la mtu, lori la unga, akaandika ubavu mzima majina ya watu wote aliowahi kukutana nao, mpaka la mwalimu wake wa darasa la pili. Vijana wakamrekodi na simu. Baada ya hapo akaanguka upande ule mwingine. Alilala akiangalia ukuta, haogi, hasemi, mpaka Milcah akampeleka hospitali Nakuru. Daktari alisema ni ugonjwa wa akili, ni ugonjwa kama mwingine, una dawa.

Dawa ilimtuliza kweli. Shida ni kwamba mikono ilianza kutetemeka. Si sana. Mtu wa jembe hangejali. Lakini mtu wa brashi afanye nini?

Hakumwambia daktari. Alifikiri kubadilisha dawa ni mzigo mwingine juu ya Milcah, na Milcah alikuwa amebeba wa kutosha. Yeye ndiye alinunua dawa, yeye ndiye alinunua unga, na kodi ya kibanda ilikuwa imemshinda. Mwenye ploti alikuwa ameanza kuja kunywa chai asiyoilipia, akiangalia mabati kama mtu anayeyapima. Masinde alijifunza kula kidogo na kusema ameshiba.

Basi siku moja Ephantus akaingia kibandani. Huyu Ephantus ni dereva wa miaka mingi, mtu wa tumbo na kelele.

"Fundi! Kumbe bado uko!"

"Niko tu, Ephantus."

"Nimenunua yangu! Miaka yote naendesha za watu, sasa ile ya buluu kwa yadi ya makanika ni yangu. Na sitaki stika. Stika ni ya watu wa haraka. Nataka uniandikie jina la mathe, mama yangu mzazi, mlangoni. WANJUGU. Na ile G yako, usinipe nyingine."

Milcah aliiangalia mikono ya kaka yake. "Ephantus, si unajua huyu alikuwa mgonjwa?"

"Nani hajawahi kuwa mgonjwa? Mimi mwenyewe niko na presha. Ijumaa ya wiki ijayo inabeba mzigo wa Malaba. Aandike kabla ya hapo."

Pesa aliyotaja ingemaliza kodi yote ya kibanda. Masinde alimwona Milcah akigeuka kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Mchana huo alijaribu kwenye kipande cha mbao. Mstari ulitoka kama umechorwa ndani ya gari linaloruka matuta. Akajaribu tena. Akakigeuza kile kipande, akakitia kwa jiko.

Asubuhi iliyofuata Milcah alimpa kidonge na chai kama kawaida. Masinde alikibana chini ya ulimi, akaenda kando ya lami kama kawaida, akakitema ndani ya kopo kuukuu la rangi. Akafanya hivyo kesho yake, na kesho yake tena. Na mkono ukaanza kumrudia. Jamani, ulimrudia! Akishika brashi, inakaa. Akivuta mstari, unanyooka kama uzi wa fundi wa mawe. Usingizi ulipungua pia, lakini alijiambia ni furaha ya kazi.

Siku ya kuandika alifika kwa yadi kabla ya makanika. Alipima mlango kwa chaki, akachanganya rangi ya manjano. W ikasimama na miguu yake. A, N. J ikapinda vizuri mpaka akacheka peke yake. Zeddy, makanika aliyekuwa chini ya lori la pili, alitoa kichwa.

"Boss, unachekea nini?"

"Nachekea J! Kuja uone J!"

Jua lilikuwa tamu. Kila kitu kwa yadi kilikuwa na mwanga wake, mpaka madoa ya oil chini. Masinde alikuwa amelilia siku kama hii. Akamaliza U, kisha akafika kwa G, ile aliyoingojea, na mkono ukaenda wenyewe. Akaichora. Ilikuwa nzuri mno, akachora nyingine. Na nyingine.

"Masinde," Zeddy aliita. Safari hii hakuwa anacheka. "Masinde, hiyo ni tairi."

Akaangalia. Kweli ilikuwa tairi. Kulikuwa na G kwenye tairi, G kwenye tangi la dizeli, G ndogo ndogo zimefuatana kwenye chuma cha bodi mpaka nyuma, zote nzuri, zote zimejikunja na mikia yao. Akarudi mlangoni. Ulikuwa umeandikwa WANJU. Nafasi ya G ilikuwa tupu; hata ile ya kwanza hakuichora hapo.

Alisimama hapo. Ndani yake kitu kilikuwa bado kinaruka, kinamwambia kuna rangi imebaki, kuna majina mengi, ubavu wote uko wazi. Alikijua. Ndicho kilichomfikisha kwa ule ukuta. Na ndicho kilikuwa kimeushika mkono wake ukatulia.

Aliosha brashi kwa mafuta taa, polepole, akaifuta, akailaza kwenye ngazi ya lori.

"Unaenda wapi? Umebakisha mbili tu!" Zeddy alisema. "Boss, Ephantus atatumaliza!"

"Mwambie anisamehe."

Milcah alikuwa anageuza mandazi.

"Dawa ziko kwa kopo la rangi, nyuma," Masinde alimwambia. "Zote za wiki hii."

Milcah alimwangalia macho, kisha vidole vya manjano ambavyo bado vilikuwa vinachora hewani. Akazima jiko.

"Na kodi, Milcah? Kodi..."

"Kibanda ni mabati. Tutatafuta mabati mengine. Vaa viatu."

"Nataka kumwambia daktari juu ya mikono."

"Ungeniambia mimi kwanza, mjinga wewe," Milcah akasema, akimfungia kifungo cha shati.

Wakashika njia ya kwenda steji ya magari ya Nakuru. Lango la yadi lilikuwa wazi, na kutoka barabarani ile nafasi ya G ilionekana, buluu tupu, saizi ya kiganja. Masinde aliitazama kama mtu anayepita nje ya nyumba alimozaliwa na ambayo sasa ina wenyewe wengine. Miguu ilipunguza mwendo. Milcah hakumvuta, alingoja tu. Halafu Masinde akatembea, na kwa yadi ile hakuingia tena.