Majina Aliyoyataja Mama

Wiki iliyopita, huko Kilema, nilimkuta jirani akikata migomba ya kulisha ng'ombe. Harufu ya utomvu ikanirudisha kwenye alasiri ambayo kaka zake baba walikuja kwetu na mapanga.

Baba alikuwa amefariki. Ukoo ulitaka mbuzi achinjwe kaburini ili mizimu iridhike, na mama akakataa.

"Mimi ni mtu wa Kristo, shemeji. Siwezi."

"Basi huyo Kristo wako akulishe," baba mkubwa akamjibu.

Wakaanza kukata. Migomba iliporomoka kwa kishindo kizito, mikungu michanga ikasambaa matopeni. Nilidhani ni maandalizi ya sherehe, nikawa nawaokotea ndizi, mpaka nilipouona uso wa mama.

Walipoondoka, hapakubaki mgomba hata mmoja. Mama alipiga magoti palepale, akawataja kwa Mungu mmoja mmoja. Niliamini anawashtaki, nikamkumbusha aliyemsahau.

"Na baba mdogo Aloisi, mama. Naye alikata."

"Na Aloisi, Bwana," akasema.

"Mungu ametuacha?"

"Hajatuacha. Ana kusudi lake."

"Kusudi gani?"

"Sijalijua bado."

Msimu ule tulilala njaa mara nyingi, na mdogo wangu hakuumaliza. Sasa najua mama alikuwa akiwaombea msamaha. Aliwaombea hata siku tuliyomzika mtoto.

Uzeeni mwake nilimuuliza tena kuhusu lile kusudi.

"Labda lilikuwa hilo tu, nisiwachukie," alisema. "Na mpaka leo ni kazi ngumu, mwanangu."