Makunyanzi ya Yassine na Kumbi la Bi Nafisa

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, Jumamosi ya pili baada ya Idi Kubwa, Yassine Carimo alimwambia mama mkwe wake maneno mawili: "Mama, acha!" Waliokuwapo uani wameyathibitisha. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwelekezea tangu amwoe binti yake, na miaka saba ilikuwa imepita.

Hawakuwa wamegombana. Katika ukoo wa Bi Nafisa, mwanamume hasemi na mama wa mkewe uso kwa uso. Akitaka chumvi humwambia mkewe, na mke humwambia mama, hata kama mama amekaa hapohapo na kibakuli cha chumvi mapajani. Mama naye akitaka kujua kama mkwe ameshiba, humuuliza binti. Binti asipokuwapo, huwauliza kuku. Ni heshima, na kwa kawaida haimuumizi mtu. Kilicholeta taabu ni rangi.

Yassine ana miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Olumbi, akaoa Palma, na kama waume wengi wa huku alihamia kwa wakwe, katika ua wa makuti upande wa ghuba ya Tungue. Asubuhi hutengeneza simu barabarani. Mchana hurudi uani, kwenye meza yake chini ya bati, kufanya kazi anayoiita kazi yake hasa: kuunda pedali za gitaa. Pedali ni kisanduku anachokikanyaga mpiga gitaa ili sauti ibadilike, ikwaruze, au irudi kama mwangwi. Vya ndani Yassine huvitoa katika redio zilizokufa. Visanduku vyenyewe ni vile vya aluminiamu ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya ukutani. Huvipata vimeshatumika, vina mikwaruzo, vimebonyea, vina matundu yasiyo na kazi.

Sauti ilimchukua miezi michache. Rangi imemchukua miaka miwili, na bado akiizungumzia husaga meno.

Mwaka jana alipeleka pedali moja Pemba, ule mji wa bara ulio kusini na si kisiwa, kwa Fábio, mwenye duka la vyombo vya muziki. Ilikuwa nyekundu, laini kama kioo. Fábio aliirudisha na ujumbe wa sauti kwenye simu, ambao Yassine ameuhifadhi.

"Fundi, sauti safi, sina neno. Lakini sanduku linang'aa kama sufuria ya harusi, na mtu akilikanyaga na jasho mguu unateleza. Nataka ngozi ya makunyanzi, pá, kama zile za kiwandani. Niletee mawili yanayofanana. Yakifanana, naweka lojani, hapa dukani kwangu, na jina lako juu. Yasipofanana, basi, tutabaki marafiki."

Sentensi ya mwisho Yassine aliielewa vizuri. Palma wapo wapiga gitaa, lakini hawajai kwenye benchi moja. Bila duka la Fábio, kazi yake hasa ingebaki kuwa mchezo wa mchana wa fundi simu.

Rangi ya makunyanzi haiuzwi Palma, kwa hiyo huitengeneza mwenyewe. Huchukua rangi ya mafuta, nzito, na kupaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, kwa upana. Kabla haujakauka hupaka wa pili kwa urefu, kisha wa tatu kwa mshazari. Halafu hulifunika sanduku kwa bati la biskuti na kuzungushia makaa. Ngozi ya juu huwahi kukauka huku chini bado mbichi, ikajivuta, ikajikunja. Ukikosea moto, rangi hububujika. Ukikosea uzito, huteleza pembeni na kukusanyika kwenye kingo. Ukipatia, sanduku zima huvaa mikunjo midogomidogo ya ukubwa mmoja, na matundu na mikwaruzo yote hupotea. Baada ya hapo linahitaji siku kadhaa juani bila kuguswa.

Bila kuguswa, katika ua wa Palma. Kila anayepita huuliza, "Imekauka?" kisha hujijibu mwenyewe kwa kidole. Yassine amekuta alama za vidole vya watoto, vya muuza samaki, na mara moja kidole gumba kikubwa cha mjomba Abdulai, kaka wa Bi Nafisa, ambaye alikanusha huku gumba lake likiwa jeusi.

"Vidole nilivizoea," anasema Yassine. "Kidole kinaharibu mahali pamoja."

Bi Nafisa haharibu mahali pamoja. Ni mwanamke ambaye sufuria zake huning'inia kichwa chini juu ya miti ya ua, na mtu anaweza kufunga kilemba akijitazama ndani yake. Watu huziazima kwa harusi na kuzirudisha kwa hofu. Husugua kwa kumbi la nazi na mchanga, na masizi yakikaidi huongeza majivu. Kwake yeye chombo cha chuma chenye ngozi iliyokunjamana kimeungua au kimeoza. Kikiachwa nje, wapitao watasema nyumba hiyo haina mwanamke.

Mwishoni mwa Mei Yassine alipata makunyanzi yake ya kwanza yasiyo na kasoro. Aliacha sanduku juani akaenda barabarani. Aliporudi kula alilikuta juu ya mti wa ua, kati ya sufuria mbili, kichwa chini, likiwa jeupe linang'aa.

Bi Nafisa alikuwa akimenya mihogo hatua mbili kutoka pale.

"Atija," Yassine akamwambia mkewe, macho kwenye sanduku, "muulize mama, sanduku langu limepatwa na nini."

"Mama, Yassine anauliza habari ya sanduku."

"Mwambie mumeo asijali," Bi Nafisa akaiambia mihogo. "Lilikuwa limeota upele. Nimelisugua mpaka upele wote ukatoka. Mkono unaniuma, lakini si kitu. Mkwe ni mwana."

"Anasema usijali."

"Nimesikia. Mwambie ule si upele. Ile ni kazi yangu ya siku tatu. Mwambie, tafadhali, vitu vya mezani kwangu asivishike tena."

Atija akageuka. "Mama, Yassine anashukuru sana."

Atija hajutii. "Ningesemaje?" anauliza. "Mama mkono wake bado una mchanga, nimwambie amekosa? Na huyu angekula wapi jioni?"

Shukrani hiyo ilizaa matunda. Sanduku la pili Bi Nafisa alilisugua siku hiyohiyo lilipotoka kwenye makaa, na safari hii kwa majivu. Yassine alimwambia Atija maneno makali zaidi. Atija akayapeleka hivi: "Mama, anasema usijichoshe." Bi Nafisa akajibu kwamba hajachoka.

Yassine akaanza kuficha. Aliweka sanduku chini ya kitanda. Kwa kukosa jua, rangi ikashuka yote upande mmoja kama uji. Aliweka jingine juu ya bati la paa. Bi Nafisa akaazima ngazi kwa jirani.

"Maskini," alimwambia binti yake huku akishuka nalo, "mumeo kaona haya na ule upele mpaka kaupandisha darini. Angeniambia tu."

Wakati huo Fábio alikuwa akipiga simu. Gari la Amade, ambalo barabara ikiwa wazi hushuka Pemba kila Alhamisi, liliondoka mara mbili bila pedali.

Baada ya Idi, Yassine alipata alichokuwa akikitafuta: masanduku mawili, rangi ya kopo moja, moto wa mkaa mmoja, mikunjo inayofanana kiasi kwamba yeye mwenyewe alichora alama ndani ili ayatofautishe. Aliyaweka mezani, akaamua kutobanduka. Jumamosi hiyo hakwenda barabarani. Alikaa kwenye kigoda mbele yake kama mlinzi wa benki. Atija alikuwa amekwenda msibani.

Bi Nafisa akatoka jikoni na beseni, mchanga na kumbi. Akasimama mezani, akalichukua sanduku la kwanza.

Yassine akatazama huku na huku. Wa kupeleka maneno hakuwapo. Jirani wawili walikuwa wamekuja kuazima sufuria, lakini si watu wa nyumba. Mjomba Abdulai alikuwa mkekani akihangaika na redio yake, na mzee hatumwi. Wakabaki kuku.

"Nyie kuku," Yassine akasema, "sanduku hilo halitaki kuoshwa."

"Nyie kuku," akajibu Bi Nafisa, akichovya kumbi, "mwambieni asione haya. Mtu husitiriwa na wazazi wake."

"Kuku, haya siyaoni. Nataka likae vilevile lilivyo."

"Kuku, huyu kijana mpole mno."

Akasugua. Upande mmoja mzima wa sanduku ukawa aluminiamu. Ndipo Yassine akasimama akasema maneno yake mawili.

Kumbi likaanguka ndani ya beseni. Jirani mmoja, kwa maelezo ya mwenzake, alikalia sufuria aliyokuja kuiazima. Bi Nafisa akajifunika uso kwa kanga, akaingia ndani.

Mjomba Abdulai akazima redio, akaagiza Atija aitwe msibani, na kikao kikakaa alasiri ileile. Bi Nafisa alikuwa nyuma ya mlango uliorudishwa nusu. Yassine aliketi chini.

"Umemfokea mama yako," akaanza mjomba.

"Sikufoka, mjomba."

"Umemsemesha. Hilo ni kubwa kuliko kufoka. Kuna nini ndani ya hivyo visanduku? Dhahabu?"

"Ni makunyanzi, mjomba. Nayatia kwa makusudi. Mwenye duka Pemba ndiyo anayoyataka."

Mjomba akalichukua sanduku lililosalimika. Akalipapasa kwa gumba. Yassine akafumba macho.

"Mtu anatoa pesa yake apate upele?"

"Ndiyo, mjomba."

"Atija, mpelekee mama maneno hayo. Neno kwa neno. Usitie sukari."

Atija akasogea mlangoni, akayasema yote: makusudi, makunyanzi, juu kavu chini bichi, duka, siku tatu, tafadhali asiguse. Sauti ya Bi Nafisa ikatoka nyuma ya mlango, haina machozi.

"Muulize mumeo: kwa nini hakusema tangu siku ya kwanza?"

Yassine akamtazama mkewe. Mjomba akamtazama. Jirani, ambao hawakuwa wameondoka, wakamtazama.

"Nilikuwa natunza nyumba," akasema Atija.

Yassine alitozwa doti ya kanga na kuku mmoja, naye akalipa bila kubisha. Kuku alichaguliwa kati ya wale waliokuwapo.

Sanduku lililosuguliwa lilipakwa upya, mikono mitatu, makaa, bati la biskuti. Ulinzi sasa umebadilika. Bi Nafisa amehamishia kigoda chake mezani na fimbo ya mwanzi. Muuza samaki hupitia ua wa nyuma. Mjomba Abdulai amechapwa kidole. Hakuna aliyewahi kuyalinda makunyanzi hayo namna hiyo, na Yassine angeshukuru, ila fimbo haibagui. Wiki iliyofuata, Jumatano jioni, alinyosha mkono alipime sanduku lake mwenyewe kabla ya gari la asubuhi.

"Atija," Bi Nafisa akasema, fimbo ikiwa juu, "mwambie mumeo bado bichi."

"Mwambie mama limekauka, mimi ndiye fundi."

"Mwambie fundi limekauka juu, chini bichi. Si alisema mwenyewe ndivyo linavyofanya?"

Atija, ambaye sasa haongezi wala hapunguzi, aliwapelekea kila mmoja jibu la mwenzake. Gari la Amade likaenda bila pedali kwa mara nyingine. Fábio alituma ujumbe mfupi: atazisubiri Alhamisi moja zaidi, baada ya hapo nafasi ya kwenye kabati ataijaza na nyuzi za gitaa.

Yassine na mama mkwe wake hawajasemezana tena.

Masanduku yote mawili yamekaa chini ya beseni kubwa lililopinduliwa. Jana Bi Nafisa alitangaza, kupitia kwa binti yake, kwamba yamekauka. Alhamisi hii, baada ya sala ya alfajiri, Yassine atayapeleka kwenye gari la Amade. Bi Nafisa atamfuata nyuma, na fimbo, kuhakikisha dereva hayagusi.