Sauti ya Tulio

Siku ya kwanza nilipomwona Digna Pertuz, niliona miguu kwanza. Nilikuwa nimeitwa nyumbani kwake, hapa Barranquilla, kuziba mbao zilizoliwa na mchwa kwenye piko la marehemu mumewe. Piko lenyewe lilikuwa kabati la spika la kupigia muziki mtaani, refu kuliko mimi, limechorwa mbele mwewe aliyekunjua kucha. Miguu miwili yenye ndala ilitokeza nyuma yake.

"Fundi seremala?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ndiyo, mama."

"Basi usipige nyundo mpaka nitoke. Nimeshika waya, na huu waya hauna adabu."

Alitoka na masizi puani. Alikuwa mshonaji wa nguo za harusi, lakini akimaliza kushona alifungua redio mbovu za majirani kwa raha yake tu. Hakuna aliyemfundisha. Mumewe, Tulio, alipokuwa hai alikuwa akipiga santuri, yeye akirekebisha vyombo, na piko lao, Mwewe, likajulikana mtaa mzima.

Mbao zilikuwa nyingi, nikarudi mara kwa mara. Mimi si msemaji, na nadhani ndiyo sababu alinizoea.

Kila piko hapa lina maneno yake ya kujitangaza, yaliyorekodiwa, yanayopigwa kabla ya santuri ya kwanza. Ya Mwewe aliyasema Tulio mwenyewe kwenye kanda. Kwanza alikohoa, kisha akasema: "Mwewe ametua. Mwenye kuku afunge mlango." Tulio alikuwa amekufa, lakini kila Jumapili alasiri alikohoa pale mtaani, na wanaume wakavua kofia.

Kanda ilikuwa moja tu. Wenye mapiko hawatoi nakala ya kitu. Hata karatasi za santuri wanazikwangua, mshindani asijue wimbo unaitwaje. Nilipomwambia Digna arekodi nakala aifiche kabatini, alinitazama kama nimemtukana.

"Nakala ikishatoka mlangoni, Edilberto, Jumapili ijayo utamsikia mume wangu akitangaza piko la Argemiro."

Argemiro alikuwa na piko lililoitwa Papa, mtaa wa pili. Alikuwa ameongeza spika, na sauti ya kanda ya Digna ikawa inamezwa. Jumapili moja alipita na soseji mkononi, akasimama.

"Bi Digna, mwewe wako ana mafua? Mpe chai ya limau."

"Mpe papa wako maji kwanza," Digna akajibu. "Naona amekauka."

Watu walicheka, lakini jioni ile Digna hakula. Aliogopa sauti ya Tulio ingefifia hadi watu waache kuisikiliza.

Wiki hiyo alifungua kinasa sauti. Aliniambia upande wa kurekodia una nguvu kuliko upande wa kuchezea, kwa hiyo angevuta waya kutoka huko. Akalehemu, akafunga skrubu, akashika maikrofoni na kusema, "Edilberto, pangusa viatu." Spika zikatetemesha vikombe. Hakuijaribu kanda ya Tulio. Aliitunza, haikuchezwa ila mara moja kila Jumapili.

Jumapili ikafika. Mtaa ulijaa, wanaume wakavua kofia, Digna akabonyeza. Kukawa kimya.

Hakuna aliyeshangaa. Sikuzote kanda ile ilianza na kimya kirefu, kisha kile kikohozi. Digna aliongeza sauti, akainamisha kichwa, akingoja mumewe akohoe. Sote tulingoja naye. Kanda ikazunguka. Akaongeza tena. Spika zikavuma kama mvua ya mbali, na ndani ya mvumo ule hapakuwa na mtu.

Argemiro ndiye aliyepenya katikati ya watu. "Zima, Digna," akasema taratibu. "Zima, dada yangu."

Alizima. Akapiga santuri, watu wakacheza, na yeye akakaa nyuma ya kabati mpaka wakaisha.

Kesho yake alinionyesha waya mwekundu aliokuwa ameulehemu. Ndani ya kinasa sauti kuna kichwa cha chuma kinachosoma kanda, na kabla yake kuna kingine kinachofuta, ambacho huamka wakati wa kurekodi tu. Waya ule ulikuwa umekiamsha.

"Muda wote niliokuwa nangoja," akasema, "nilikuwa namfuta."

Nikafagia vumbi la mbao ambalo halikuwepo.

Miezi ikapita Mwewe akipiga muziki bila kutangazwa. Watu walianza kucheza bila kujua wameanza lini. Siku moja, nikibadilisha bawaba, Digna akaweka kanda mpya kwenye kinasa sauti, akanipa maikrofoni.

"Maneno unayajua."

"Mama, mimi sauti sina."

"Ingia nyuma ya kabati. Huko hakuna atakayekuona."

Niliingia. Koo likanikauka kwa woga, nikakohoa, ndipo nikasema habari za mwewe na kuku. Nilipotoka alikuwa amekaa kitako sakafuni, mkono mdomoni.

"Nani alikuambia ukohoe?"

"Hakuna. Ni woga. Nirudie?"

Alirudisha kanda nyuma, akasikiliza hadi mwisho, akasikiliza tena.

"Siye yeye," akasema.

"Najua, mama."

"Iache hivyo hivyo."

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mwenye piko angelifanya: akatoa nakala. Moja akaiweka kwenye mkoba wake, nyingine akaipeleka mwenyewe kwa Argemiro, amtunzie.

Mwaka uliofuata macho yalimsumbua, na binti yake aliyekuwa Maracaibo akamwita akaishi naye. Mwewe aliniachia mimi, bila hotuba. Nilimbebea masanduku mpaka kituo cha mabasi. Alipanda, akakaa dirishani, nami nikasimama chini ya dirisha lake. Dereva akawasha injini. Digna akafungua kioo.

"Ukisikia kimya, Edilberto, usingoje. Zima kwanza, halafu fungua nyuma uangalie."