Vilim Achagua Rangi

Miaka yote ya ndoa yao, Barica Kranjec ndiye aliyechagua rangi za taa za Krismasi na Vilim ndiye aliyepanda ngazi kuzitundika. Kazi iligawanywa hivyo kwa sababu ya macho ya Vilim. Tangu kuzaliwa hakujua kutofautisha nyekundu na kijani. Kwake zote mbili zilikuwa rangi moja, kama udongo uliolowa. Ujanani alikwenda kuomba kazi ya udereva wa treni. Daktari akamwonyesha taa mbili ukutani, naye akazitaja kinyume, na mambo yakaishia hapo. Wakampa nyundo akatengeneze njia ya reli, kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Wenzake walimbandika jina la Nyanya, maana siku moja msimamizi alimtuma bustanini akachume zilizoiva, akarudi na kapu zima la mbichi.

Kwa hiyo kila Desemba Barica alisimama barabarani, koti la mumewe mabegani, akatoa amri. Nyekundu zipite ukingo wa paa. Za manjano zivikwe mti wa jozi. Bluu zizunguke kijumba cha sanamu ya Bikira Maria pale langoni, kwa kuwa bluu ndiyo rangi ya joho lake na hilo halina mjadala. Kijani ziishie kwenye uzio, mbali na nyumba, kwani zikipiga ukuta mweupe, alisema, kila anayepita mlangoni anafanana na maiti aliyeopolewa mtoni. Nyeupe hakutaka hata kuziona. Watu wa kilima cha pili walikuwa wakitoka nje kuzitazama taa hizo, na Barica alijua wanatoka, ingawa alijifanya hajui.

Kisha Oktoba moja Barica alianguka chini ya mti wa jozi, kapu likiwa bado mkononi. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Walimpeleka kwanza hospitali kuu, kisha kwenye ile ya mazoezi ya viungo, huko kwenye chemchemi za maji ya moto. Vilim alikwenda kwa basi kumwona, akakaa kando ya kitanda akimsimulia habari za kuku na za majirani. Barica alimtazama tu. Wakati mwingine alifungua mdomo, neno likakataa kutoka, naye akageuzia uso ukutani. Hilo la kugeuza uso ndilo lililomuuma Vilim kuliko mengine yote. Mwanamke yule hakuwahi kumgeuzia mtu uso. Akikasirika, alikuwa akikukazia macho mpaka uombe radhi.

Katikati ya Desemba madaktari walisema atarudishwa nyumbani alasiri ya mkesha wa Krismasi. Jioni ya siku alipopewa habari hiyo, binti yao Nevenka, anayefanya kazi Ujerumani, alipiga simu. Alikuwa amefikiria mambo mengi: kitanda, choo, mtu wa kuja kumwogesha mama. Kuhusu taa alimwomba baba yake aziache mwaka huu. Ngazi ina utelezi, umri umekwenda. Na kama ni lazima, basi atamtumia nyeupe tupu, za kisasa, ambazo hazina cha kukosea.

"Mama yako anaziita taa za hospitali," Vilim alisema.

"Baba, ni taa tu."

"Anatoka hospitali, Nevenka. Simrudishi kwenye hospitali nyingine."

Nevenka akauliza sasa rangi atazichaguaje. Vilim akajibu kwamba hilo ni lake, akakata simu kabla hajaulizwa zaidi.

Kesho yake aliteremsha maboksi kutoka darini na kuyamwaga jikoni. Barica hakuwahi kuandika chochote juu ya maboksi hayo. Ya nini, wakati mwenyewe anaona? Vilim alichomeka waya mmoja mmoja kwenye soketi. Za manjano alizijua mara moja, akaziweka kwenye kiti. Bluu nazo alizijua, akaziweka kwenye kiti kingine. Zilizobaki zikawaka zote kwa rangi ileile ya udongo, rundo zima.

Angeweza kumwita Slavko, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyefanya naye kazi reli. Slavko mwenyewe alikuwa ameshapita asubuhi ile, akaegemea uzio na kuuliza, "Vipi, Nyanya, nikuazime macho?" Aliuliza kwa utani, na huenda kwa wema pia, lakini Vilim alijua habari ingefika kwenye kilabu cha pombe kabla yeye hajashuka ngazi. Zaidi ya hapo, alitaka taa hizo ziwe kazi yake mwenyewe. Barica huko hospitalini alikuwa akijifunza upya kushika kijiko. Na yeye basi ajifunze kitu.

Alikaa mbele ya lile rundo mpaka chai ikapoa. Ndipo akaikumbuka taa yake ya reli, ile ya mkononi, iliyokuwa ikining'inia bandani na utando wa buibui. Ilikuwa na kioo kimoja cha rangi, na rangi ya kioo hicho hakuhitaji kuambiwa na mtu: ndicho kilichokuwa kikisimamisha treni. Akakichomoa, akakifuta kwa shati, akakiweka jichoni na kutazama nyaya zinazowaka. Waya mmoja ukaendelea kung'aa. Wa pili yake ukafifia kama kaa lililomwagiwa maji.

Vilim aliondoa kioo, akakirudisha, akaondoa tena. Aliinuka akazunguka meza, kisha akaketi na kuanza kazi. Kila waya uliong'aa nyuma ya kioo aliufunga fundo la kamba karibu na plagi. Kila uliofifia aliuacha bila fundo. Alifanya hivyo mchana kutwa, kuku wakipiga kelele nje kwa njaa. Za manjano na bluu hakuzipima. Za nini? Hizo macho yake aliyaamini.

Kisha akapanda. Theluji ilikuwa imeganda juu ya vigae, na goti lake la kushoto lilikuwa halikunji vizuri. Slavko alipoona ngazi imesimama alikuja bila kuitwa, akaishika chini, wala safari hii hakutania. Nyekundu zikapita ukingo wa paa, manjano zikapanda mti wa jozi, kijani zikaishia uzioni. Mwisho Vilim alikizungushia kijumba cha Bikira Maria waya wa bluu, polepole, akiunyoosha usije ukamfunika uso. Walipowasha kujaribu, Slavko alitazama paa, akatazama mti, akakitazama kijumba kwa muda mrefu kidogo. Akasema kazi ni nzuri, akaenda zake kula.

Alasiri ya mkesha gari la hospitali lilifika giza la mapema la majira ya baridi likianza kuingia. Wauguzi walimshusha Barica kwenye kiti cha magurudumu, wakamfunika blanketi, wakaondoka kuwahi sikukuu zao. Slavko na mkewe Milka walikuwa wamevuka barabara kumpokea. Vilim aliingia ndani, akawasha.

Barica aliangalia paa. Aliangalia mti. Macho yake yalipita uzioni, yakafika langoni, yakaganda pale. Mabega yakaanza kumtetemeka. Vilim alidhani ni baridi, kisha akadhani ni jambo baya zaidi, akapiga magoti kwenye theluji na kumshika mkono. Ndipo akauona mdomo. Upande mmoja ulikuwa umelala vilevile, lakini upande wa pili ulikuwa umepanda juu. Barica alikuwa anacheka.

"Za…" alisema. Akameza mate, akajaribu tena. "Zam… zambarau."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Oktoba.

"Ni bluu, mama," Vilim alisema kwa sauti ndogo.

"Zambarau," Barica alisema, na safari hii lilitoka zima.

"Ni zambarau kweli, bwana," Slavko alisema. "Inakaribia ya kwenye vilabu vya usiku vya mjini. Nimekaa nayo moyoni siku zote hizi. Milka alinikataza nisikwambie, alisema utapanda tena kwenye barafu uvunjike."

Waya ule Nevenka ndiye aliyeuleta zamani, alipopata mshahara wake wa kwanza. Barica alimshukuru, akambusu, akauzika chini kabisa ya boksi la bluu usije ukaonekana tena. Macho ya Vilim, aliyoyaamini, hayakuwahi kuambiwa kwamba zambarau ina nyekundu ndani yake.

Alimwomba mkewe waingie ndani, samaki mkavu na viazi viko jikoni, langoni watarekebisha kesho. Barica akakaza mkono wa kushoto kwenye gurudumu, akamkazia macho. Vilim aliyafahamu macho hayo. Akaenda kuleta boksi.

Wakabadilisha palepale, Milka akimwongezea mgonjwa mablanketi. Vilim alinyanyua waya, Barica akatikisa kichwa. Akanyanyua mwingine, akakubali. Bluu halisi ilipowaka kuzunguka joho, Barica alishusha pumzi na kuliachia gurudumu. Mezani Vilim alitaka kumlisha. Barica alikinyakua kijiko kwa mkono wa kushoto, akamwaga nusu ya chakula kifuani, akala iliyobaki.

Baada ya sikukuu alianza kuja mwalimu wa kumfundisha kusema, naye aliona kwamba majina ya rangi ndiyo yanayotoka kwa wepesi kuliko hata majina ya watu. Aliagiza wafanye mazoezi kila siku. Kwa hiyo Vilim aliziteremsha taa lakini hakuzirudisha darini. Kila asubuhi aliwasha waya mezani, Barica akautaja: nyekundu, kijani, manjano, na ule wa Nevenka, ambao kila mara aliutaja kwa kukunja pua. Mwalimu aliuliza kama mgonjwa huwa anapatia. Vilim akasema anapatia zote, ingawa nusu yake macho yake hayakuweza kuhakiki. Kioo cha reli kilikuwa kabatini, hakukitoa, wala mafundo hakuyatazama. Februari nyaya zilikuwa bado mezani, na wageni waliofika kunywa kahawa walisogezewa vikombe kwenye kona moja.