Herufi Moja Aliyonifichia

Jumatatu nilipigiwa simu nikiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, nikaambiwa karani mzee wa mji wetu wa Ishiara ametuacha. Nitasema ukweli, wasomaji wangu, maana mnanijua. Kabla hata ya huzuni, kilichoniingia kichwani ni swali: sasa ile meza yake atarithi nani? Roho ikanijibu, "Wewe." Nikashuka ngazi haraka.

Meza yenyewe ilikaa nje ya duka la mbegu, na juu yake kamusi isiyo na jalada. Huku kwetu hata kama nyanya ameongea Kimbeere tu maisha yote, siku ya kumzika lazima historia yake isomwe kwa Kiingereza. Kwa hivyo watu walimpangia foleni mzee awaandikie. Alijua principal ni mkubwa wa shule na principle ni msimamo wa mtu. Alijua advice ni shauri lenyewe, na advise ni kumpa mtu shauri hilo. Mimi niliyeachia shule Form Two nilikuwa ng'ambo ya barabara nachora mabango, macho kwa foleni yake. Siku moja nikamtupia maneno mbele ya watu: "Mzee, hayo maneno si ni mapacha tu? Yakibadilishana nguo, nani atajua?" Akacheka. "Mama yao atajua, fundi." Watu wakaangua kicheko. Wivu ulinikaba, wiki nzima sikumsalimia.

Juzi kwa mkutano wa matanga, mama mwenye duka la vitabu akanivuta kando. Duka lake lina bango ambalo mimi huonyesha kila mteja mpya, kazi yangu safi kuliko zote.

"Fundi, unajua ile bango yako uliandika stationary?"

"Si unauza karatasi na kalamu, mama?"

"Hiyo ni stationery. Yako ilikuwa inasema duka limesimama tu, halisongi! Mzee alikuja asubuhi na rangi yake, akageuza herufi moja. Akaniambia nisikwambie, utaona aibu uache kuchora."

"Lini hiyo?"

"Si ile wiki ulikuwa umemnunia?"

Familia ya mzee ikanipa historia yake niiandike, ile kazi niliyoitamani miaka yote. Niliketi nayo jana. Nikafika mahali pa kuchagua affect ama effect, mapacha wengine, nikachukua karatasi, nikatoka. Nilikuwa nimefika katikati ya barabara ndio nikakumbuka ile meza haina mtu.

Nikarudi, nikafuta sentensi yote, nikaandika kwa Kiswahili: alimsitiri jirani yake. Watashangaa kanisani, wacha washangae. Wivu ninao bado, lakini si wa foleni tena. Kiingereza nilikiachia Form Two, na kamusi naweza kununua. Kumfichia aibu mtu aliyekununia, hilo darasa sijaingia hata siku moja, na mwalimu ndiye huyo tunayemzika Ijumaa.